Nani Atagonga Mulango Wako? Shauri kwa Mama Anayehamia Goma Peke Yake



Wakati unangojea zamu yako hapa kliniki, soma karatasi hii, ao umuombe mwenye kujua kusoma akusomee. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limewapata wamama wengi wa upande wetu: kuacha kijiji ukiwa na miaka 40, 45 ao 50, na kwenda kuanza maisha mapya Goma, katika chumba cha kupanga, bila bwana na bila ndugu. Kama wewe ungali kijana, pengine mama yako ao shangazi yako iko katika hali hiyo. Umupelekee maneno haya.

Toka Rumangabo mpaka Goma ni kilometa zaidi ya 40 tu. Unapita Rugari, Kibumba na Kanyaruchinya, kisha unaona Ziwa Kivu. Kwa miguu ao kwa gari safari ni fupi, lakini kwa moyo ni safari ndefu sana. Wengine walihama kwa kupenda: bwana amekufa, watoto wameoa, na mujini kuna soko. Wengine walikimbia. Vita vilipita Rumangabo mwaka 2008, tena 2012, tena 2022. Mwezi wa kwanza wa 2025 vikafika Goma yenyewe, na mwezi uliofuata watu wa kambi nyingi za kandokando ya muji wakaondoka. Wengi walirudi kwao. Wengine walipanga chumba na kubaki.

Kitu gani kinabadilika?

Kijijini, jirani anaona moshi wa jiko lako kila asubuhi. Siku moshi hautoki, anakuja kuuliza: «Mama, umeamukaje?» Wewe hukumuomba, naye hakufikiri kwamba anakusaidia. Lakini moshi ule ulikuwa ulinzi wako.

Goma haiko vile. Katika parsele moja munaweza kuwa familia tano ao sita katika nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Kila mutu anatoka mapema kutafuta chakula, anafunga kufuli, anarudi usiku. Watu wanakuzunguka pande zote, lakini unaweza kuugua siku mbili kabla mutu hajauliza habari zako. Si kwa sababu wana roho mbaya. Hawakujui tu.

Wanafunzi wetu wa uuguzi tunawafundisha kumuuliza mugonjwa: «Unaumwa wapi? Tangu siku gani?» Lakini kuna swali la tatu ambalo wanasahau upesi: «Unaishi na nani?» Mugonjwa mwenye kuishi peke yake anafika kwetu akiwa amechelewa, kwa maana hakuna mutu wa kumwambia: «Hii homa si ya kungojea, twende.» Kwa hiyo, mama, kabla ya kuuliza chumba ni bei gani, ujiulize: Usiku hatari ikinipata, nani atagonga mulango wangu?

1. Angalia chumba kabla ya kulipa garanti

Usilipe siku ya kwanza. Rudi mara ya pili, uongee na wamama wa parsele. Uliza maji yanatoka wapi, na choo ni cha watu wangapi. Ona kama njia ya kwenda choo ina mwanga usiku, na kama mulango unafungika kwa ndani. Ukilipa garanti, uombe karatasi yenye kuandikwa pesa ulizotoa na miezi uliyolipia.

Uliza pia kama pale kuna *mazuku*. Ni hewa mbaya inayotoka ndani ya udongo wa volkano, hasa upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Sake na karibu na ziwa. Ni nzito kupita hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala chini, katika mabonde na mashimo, zaidi sana usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Wenyeji wanajua mahali pake. Wakikuambia «hapa kuna mazuku», usipange chumba cha chini pale, wala usilale juu ya sakafu. Ukiona mbuzi ao kuku wamekufa ndani ya shimo bila kidonda, usishuke kuwachukua. Watu wamekufa kwa kushuka kumutoa mwenzao. Ita wengine kwanza.

2. Usilale na mbabula

Goma kuna baridi usiku, na chumba cha mbao hakishiki joto. Mama aliye peke yake anapika ndani, anaona makala bado mekundu, anafunga mulango na dirisha ili joto lisitoke, analala. Asubuhi haamuki.

Makala yanayowaka yanatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wengi wanasema: «Moshi umekwisha, basi hakuna hatari.» Hapana! Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa sumu ile. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Alama zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, na miguu kulegea. Kisha usingizi unakushika, na mwenye kushikwa na usingizi ule hawezi kujiokoa mwenyewe.

Pika inje ao mulango ukiwa wazi. Kabla ya kulala, toa mbabula inje, hata kama unaona makala yamezimika. Kama ni baridi, vaa soksi, ongeza kitenge ao blanketi. Ukimukuta mutu amelala katika chumba chenye mbabula na hajibu, fungua mulango na dirisha, umutoe inje upesi, na mumupeleke hospitali.

3. Tafuta watu watatu katika juma la kwanza

*Mutu wa kwanza ni jirani wa parsele.* Jipeleke kwake, usingoje yeye aje. Mwambie jina lako, umetoka wapi, na namba ya simu ya mutoto ao ndugu yako. Mupatane neno moja dogo: kila asubuhi tutasalimiana. Kama saa mbili imepita na mulango wangu haujafunguka, gonga. Nami nitafanya vile kwako. Huo ndio moshi wa jiko lako katika muji.

*Mutu wa pili ni nyumbakumi.* Akuandike katika kitabu chake. Goma ni muji wa volkano, na Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Tarehe 22/5/2021, siku ya posho, moto ulitoka jioni na watu wakakimbia usiku. Siku chache baadaye, tarehe 27, viongozi waliamuru kartiye nyingi ziondoke. Usiku kama ule, mwenye kuandikwa anaitwa. Mwenye kukaa kimya katika chumba cha nyuma anaweza kuachwa, hasa kama ni mugonjwa ao hasikii vizuri.

*Mutu wa tatu ni mama wa kanisa ao wa likelemba.* Ukiingia katika kundi la wamama, siku usipofika watauliza uko wapi. Na katika likelemba, hata kama hawakupendi bado, watakuja kukutafuta kwa ajili ya pesa! Ni vizuri. Mulango wako utakuwa umegongwa.

4. Mwili wako katika miaka hii

Kati ya miaka 45 na 55 damu ya mwezi inaanza kukosa utaratibu, kisha inakoma. Unaweza kusikia joto la gafula usoni na kifuani, jasho la usiku, usingizi kukosekana, na hasira ao machozi bila sababu. Mama aliyehama peke yake anasema: «Ni muji huu unaniua», ao: «Kuna mutu aliyeniroga.» Hapana, mama. Ni mwili unaobadilika, na si ugonjwa. Ungekuwa nyumbani, dada zako wangekuambia: «Hata sisi tulipita pale.»

Lakini ujue mambo matatu:

– Mpaka miezi 12 ipite bila damu, mimba ingali inawezekana. Wamama wengine wanafikiri wamekoma, kumbe ni mimba. Kwa miaka yao inataka kuangaliwa vizuri kliniki.

– Damu ikirudi baada ya miezi 12, hata kidogo, ao ikitoka baada ya kulala na bwana, usingoje. Inaweza kuwa alama ya kansa ya kizazi. Ikionekana mapema, inaweza kutibiwa.

– Pimisha tansio, hata kama husikii maumivu. Tansio haipigi kelele. Munganga akiikuta 14 kwa 9 ao zaidi, naye akapima tena siku nyingine na kuikuta vile vile, inataka matunzo. Punguza chumvi. Dawa ukipewa, meza kila siku. Usiache kwa sababu unasikia nafuu.

Kama ulikuwa na dawa za kila siku, za tansio, za sukari, za kifua kikuu ao za kupunguza nguvu za virusi vya ukimwi, usiondoke kijijini bila barua ya uhamisho kutoka kituo cha afya, pamoja na dawa za kukutosha njiani. Umekwisha kuondoka bila barua? Nenda katika kituo cha karibu juma hili na pakiti tupu ya dawa mukononi. Hawatakufukuza kwa sababu ya karatasi.

5. Maji

Mwezi wa 7, 1994, kolera iliua maelfu ya watu katika kambi za wakimbizi kando ya Goma, na mpaka leo ugonjwa huo haujaacha muji. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini usiyanywe hivi hivi. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu. Kama wametia dawa ya klori katika bidoni, ngojea dakika 30 ndipo unywe. Funika bidoni. Nawa mikono kwa sabuni ao majivu ukitoka choo na kabla ya kula.

Mwenye kolera anahara maji kama ya muchele, na anaweza kufa kwa siku moja. Mwenye kuishi peke yake iko katika hatari zaidi, kwa sababu baada ya saa chache hana nguvu za kusimama. Mara ya kwanza unapohara hivyo, mwite jirani wakati ungali na sauti. Tengeneza maji ya kunywa: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikwe sawa, visijae kupita. Kunywa kidogo kidogo njiani mukienda kituo cha afya.

6. Moyo nao unaugua

Katika Biblia tunasoma juu ya Naomi. Alifiwa na bwana na watoto wawili katika nchi ya Moabu, akarudi Betelehemu akiwa ameshazeeka. Hakujifanya mwenye furaha. Aliwaambia wamama wa muji kwamba maisha yake yamejaa uchungu. Nao walimusikia, na mwishoni wamama wale wale walifurahi pamoja naye. Kusema uchungu wako si kukosa imani.

Kulia baada ya kuhama ni kawaida. Lakini kama majuma mawili yamepita na kila siku hulali, huli, hutaki kuoga wala kuona watu, ao unafikiri kwamba ni afazali kufa, huo ni ugonjwa, na una matunzo. Mwambie munganga waziwazi: «Niko na mawazo mengi, yananishinda.» Ataelewa. Usikae peke yako usiku ule.

Na kama mutu amekutendea kwa nguvu, njiani, choo ama chumbani, kosa si lako. Fika hospitali mbele ya saa 72 kupita, ili upewe dawa za kuzuia ukimwi na magonjwa mengine. Dawa ya kuzuia mimba inawezekana mpaka siku 5, lakini mapema ni vizuri zaidi. Hata kama siku hizo zimepita, uje tu. Tutakupokea kwa siri.

Ya kufanya katika juma la kwanza

1. Jirani, nyumbakumi na kundi la wamama wanajua jina langu.
2. Namba ya simu ya ndugu yangu iko kwa jirani.
3. Najua njia ya kituo cha afya, muchana na usiku.
4. Tansio imepimwa.
5. Mbabula inalala inje.

Maswali ya kuzungumza pamoja hapa kliniki

Katika parsele yenu, kuna mama anayeishi peke yake? Munajua jina lake? Leo asubuhi, nani alimuona?

Mama, kama wewe ni mugeni, gonga mulango wa jirani leo. Kama wewe ni mwenyeji, usingoje mugeni agonge. Bwana akulinde, kutoka kwako na kuingia kwako.