Motokaa Nayo Hupumua

Kila mtu ajua ya kuwa wanadamu na wanyama hupumua. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa motokaa pia ina mahali pa kupumulia, na mahali pale pakizibwa, gari hupata hasara kubwa.

Chini ya magari mengi, katikati ya magurudumu ya nyuma, liko bonge la chuma mfano wa kibuyu. Hiyo ndiyo difu. Ndani yake mna magurudumu ya meno yapelekayo nguvu ya injini kwenye magurudumu ya gari, nayo huliacha gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani gari linapopinda. Magari ya kupita penye matope na mchanga aghalabu yana difu nyingine mbele. Difu haijazwi mafuta hata juu. Sehemu iliyobaki ni hewa tupu.

Gari liendapo mwendo mrefu, meno husuguana, mafuta yakapata moto, na hewa pia. Hewa ipatayo moto hutanuka. Hewa ya digrii 20 ikifika digrii 80, huhitaji nafasi zaidi kwa kadiri ya moja ya tano. Ikikosa njia, husukuma mafuta yapenye kwenye sili, yaani pete za mpira zilizo mwisho wa ekseli. Mafuta yale yakifika kwenye breki, breki hazishiki vema. Kwa hiyo juu ya ekseli huwekwa tundu dogo lenye kifuniko, hewa ya moto ipate kutoka.

Hewa ikipoa hunywea. Twaa chupa tupu, uiache juani hata ipate moto, kisha uipindue, mdomo wake uwe ndani ya maji baridi. Baada ya kitambo utaona maji yakipanda chupani.

Basi fikiri gari lililobeba mgonjwa katika nchi ya Turkana, kaskazini ya Kenya, ambako mito mingi ni mchanga mtupu ila mvua inyeshapo. Limekwenda saa nyingi juani, mara lakuta mto una maji. Likiingia, difu yapozwa ghafula, hewa yake yanywea, na maji yavutwa ndani kupitia tunduni au penye sili. Dereva aona injini haikuzimika, asema, "Tumevuka salama." Kumbe maji yamechanganyika na mafuta, yakawa meupe kama maziwa! Mafuta ya namna hiyo hayalindi chuma. Meno na beringi huingia kutu na kulika, hata siku moja gari likasimama porini, mbali na hospitali.

Dawa yake ni rahisi. Fundi huondoa kile kifuniko, akatia bomba jembamba la mpira, akalipandisha hata penye injini au juu zaidi, na mwisho wake akaweka kichujio. Hivyo difu ijapokuwa majini, huvuta hewa kavu ya juu. Bomba lisikunjike wala lisiguse chuma cha moto, na mdomo wake usizibwe na matope.

Tena dereva mwenye akili afikapo mtoni husimama kwanza, difu ipoe. Akiisha kuvuka hutazama mafuta. Akiyaona meupe, huyamwaga yote na kutia mapya kabla ya kuendelea na safari nyingine. Tundu lile halizidi ncha ya kidole, lakini asiyelitunza huweza kupoteza gari zima.