Mstari Unaofika Baada ya Kalamu

Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya jani, mstari haujafika. Ulikuwa bado nyuma, unajikokota kwenye skrini, hadi ukaifikia kalamu na kutulia. Nilidhani laptopu imezidiwa. Hizi za mkono wa pili zina mambo yake. Mwenyewe akacheka. Haikuwa imezidiwa. Yeye ndiye aliyeiagiza ichelewe, na bila kule kuchelewa jani lile lingetoka limekunjamana.

Nilikuwa nimekwenda kwake kuuliza bei za hina kuelekea msimu wa harusi. Bei nilizipata, lakini nilichoondoka nacho kichwani ni ule mstari.

Ni mchoraji wa hina na piko, mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Mikono na miguu ya maharusi ameichora tangu akiwa msichana. Siku hizi huchora pia ruwaza kwenye tableti ya kuchorea iliyounganishwa na laptopu, akawatumia wateja kwa simu wachague kabla hawajafika. Ameniomba nisiandike jina lake. Anasema mteja akishasikia neno kompyuta, ataanza kujiuliza analipia mkono au analipia programu, na mjadala huo hana muda nao siku ya harusi.

Mkono wenyewe si wa kutiliwa shaka. Nimemwona akiteremsha mstari wa hina kutoka kiwiko hadi kidole cha shahada bila kuinua koni, huku akimkemea mtoto aliyekuwa akichezea mlango. Mstari ulikwenda sawa. Sasa, mkono huohuo ulipopewa kalamu ya plastiki, ulitetemeka kama wa mwanafunzi. Kwa miezi ya mwanzo alijilaumu: umri, macho, uchovu. Maelezo yake ya leo ni mengine. Ngozi inashika, anasema, na hina nzito hulala pale ilipodondokea. Tableti inateleza. Isitoshe, kwenye ngozi jicho liko palepale penye koni, ilhali kwenye tableti yake mkono uko mezani na jicho liko kwenye skrini.

Kilichomtoa kwenye kujilaumu ni rula. Aliilaza mshazari juu ya tableti, akaipitishia kalamu ubavuni polepole, ikigusa rula mwanzo hadi mwisho. Mstari ulitokea na mawimbi madogo yanayofuatana kwa mpangilio, wakati mkono haukuwa na nafasi ya kuyumba. Mawimbi yalikuwa ya chombo. Chini ya uso wa tableti kuna wavu wa nyaya unaoisikia kalamu, na kalamu inapopita katikati ya waya na waya, chombo hukadiria ilipo. Ikienda mshazari na polepole, makosa madogo ya makadirio hayo huonekana. Tableti nyingi zina kasoro hiyo, nyingine zaidi, nyingine kidogo. Ananihadithia habari ya rula kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Lakini rula haikuufutia mkono lawama zote. Kila mkono wa binadamu, hata wa daktari wa upasuaji, hutetemeka kidogo, takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Hina nene huficha mtetemo huo. Kalamu ya tableti, yenye kupeleka nukta mia na zaidi kwa sekunde, haifichi kitu. Ndiyo maana wachoraji wa kompyuta husisitiza kasi. Mstari wa sekunde mbili hubeba mitetemo kama 20. Wa nusu sekunde, kama mitano. Wanashauri pia mstari mrefu uchorwe kwa bega na kiwiko, kifundo kiachiwe vitu vidogo. Ushauri huo kwake ni mgumu kuliko unavyosikika, maana sanaa yake yote imejengwa juu ya upole. Bibi harusi hachorwi kwa kasi.

Hapo ndipo inapoingia stabilaiza, na hapo ndipo mstari unapoanza kuchelewa.

Programu anayotumia ni Krita, ambayo ni ya bure. Ndani yake kuna chaguo hilo la kulainisha mstari, nalo lina namba. Namba ikiwa chini, wino unafuata ncha ya kalamu kila inapokwenda. Ukiipandisha, wino unavutwa nyuma ya kalamu kama mbuzi wa kamba: kalamu ikiyumba kidogo kushoto na kulia, kamba inalegea, mbuzi hajali, kalamu ikiendelea mbele, kamba inakaza na mbuzi anafuata njia iliyonyooka kuliko ya anayemvuta. Kwa lugha ya hesabu, programu haichori pale kalamu ilipo. Inachukua nukta kadhaa zilizopita, inatafuta wastani wake, inachora huo.

Nilimuuliza kwa nini basi isilainishe bila kuchelewa, maana mashine hizi zina kasi ya ajabu. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kompyuta, anasema, haijui anakokwenda. Kalamu ikipinda kidogo, huenda ni mtetemo, huenda ndio mwanzo wa kona ya jani. Itajuaje? Lazima isubiri nukta zinazofuata. Ulaini wote unaouona kwenye skrini umelipiwa kwa kusubiri huko.

Watafiti wamehangaika na jambo hilohilo. Mwaka 2012 Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel walitoa kichujio walichokiita 1€, ambacho hulainisha sana mkono unapokwenda polepole, mtetemo unapoonekana zaidi, na kulainisha kidogo unapokimbia, kuchelewa kunapokera zaidi. Ni werevu mkubwa, lakini bado ni biashara ileile ya kutoa na kupokea. Wachoraji wa Japani walizoea kulainishiwa mistari tangu enzi za programu ya Paint Tool SAI. Photoshop, jina ambalo kila mtu analijua, ilipata kitu cha kufanana na hicho mwishoni mwa 2017.

Yeye alianza na namba kubwa. Mistari ikawa mizuri mno, hadi siku moja alipoweka ruwaza mpya kando ya picha za harusi za zamani. Majani yalikuwa yamepoteza ncha. Wastani hauelewi kona: kalamu inapogeuka ghafla, mbuzi anakata njia, na jani linageuka kuwa yai. Kumbe kwa miezi kadhaa alikuwa akichora majani ya duara kwa sababu programu inayapenda hivyo. Sasa huweka namba ndogo, huinua kalamu kwenye kila ncha, kisha huanza upya. Kwa mashina marefu hupandisha namba tena. Alinionyesha majani mawili, la kabla na la sasa. La sasa lina kijikwaruzo ubavuni. Nililipenda zaidi, naye akaniambia nimepata bahati kwamba silipi.

Lililobaki ni la binti wa mdogo wake wa kike. Msichana alijifunza kuchora kwenye tableti hiyohiyo, namba ikiwa juu kabisa, na ruwaza zake zinauzwa vizuri kuliko za wachoraji wote wa mtaani. Ngozi hajawahi kuigusa. Mama yake mkubwa, yaani mchoraji wetu, anashuku kwamba mkono uliofundishwa kuvuta kamba hautajua la kufanya kamba ikikatwa. Binti anasema mkono ni uleule, na kwamba hata koni ya hina ni kifaa, wazee walitumia vijiti. Nilijaribu kuchagua upande, nikashindwa. Mtu mwenye mstari mnyoofu kwenye skrini ana ujuzi au ana namba? Na aliyeichagua hiyo namba, akajua mahali pa kuishusha, tumwite nani?

Wamekubaliana ataanza kuchora watu msimu huu. Mama mkubwa anataka aanze na watoto wa jirani, miguu tu. Binti anataka mkono wa bibi harusi, upande wa ndani, akidai kwamba akiharibu utakunjwa.