UDONGO WETU UNATOROKA, TUUZUIE!

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kuwa udongo bila kinga hupotea vivyo hivyo.

Sisi wa Kebirigo tunaishi kwenye milima na mabonde. Mvua hatukosi, na watu ni wengi mno. Shamba la babu liligawiwa wanawe, nao wakawagawia wana wao, hadi boma nyingi hazina hata ekari moja ya chakula, manake sehemu nyingine ina majani chai. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka mbio yakibeba udongo wa juu wenye rutuba. Ndiyo sababu mito yetu huwa na rangi ya chai ya maziwa, ikipeleka mbolea yetu Ziwa Viktoria bure!

Dawa mojawapo ni matuta ya "fanya juu". Mtindo huu ulisifika pande za Machakos, na leo wataalamu wa nchi nyingine hulitumia jina hilo hilo la Kiswahili. Tangu mwaka wa 1974 serikali, ikisaidiwa na Uswidi, iliueneza kwa wakulima wadogo.

Kwanza, unapima mstari unaokata mteremko, usiopanda wala kushuka. Chombo ni rahisi: miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Pili, unachimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 60 hivi, ukitupa udongo upande wa juu. Tatu, unapanda nepia juu ya tuta hilo. Udongo unaoteremka hukwama hapo, msimu baada ya msimu, mpaka shamba linakuwa kama ngazi.

Wengine husema ati mitaro inakula shamba. Baba alikuwa mmoja wao. Ni kweli inachukua nafasi, na mwaka wa kwanza mahindi hayakuongezeka. Lakini nepia ilimlisha ng'ombe, ng'ombe akatupa maziwa na samadi, nayo samadi ikarudi shambani. Zamani mahindi ya upande wa juu yalikuwa mafupi na ya manjano. Sasa yanakaribia kulingana na ya chini. Hata karo yangu ya muhula uliopita ilitokana na maziwa.

Hata hivyo, tuta la mtu mmoja halitoshi. Jirani wa juu asipochimba, maji yake yote yanakuangukia. Letu lilibomoka hivyo mwezi wa nne. Ilibidi wazee waketi, wakakubaliana mitaro ipite mashamba yote manne.

Wenzangu, ardhi haiongezeki, na sisi ndio tutakaorithi vipande hivi. Likizo ikifika, shika jembe uchimbe walau mtaro mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.