Rangi za Nyumba (2): Baridi au joto chini ya jua la Voi?

Juma lililopita tuliishia kwenye chokaa. Leo tujibu swali ambalo kila fundi humtupia mwenye nyumba kabla hajafungua mkebe: tupake rangi baridi au rangi ya joto?

Bluu, kijani na zambarau huitwa baridi. Nyekundu, njano na rangi ya chungwa huitwa za joto. Mgawanyo huo ni wa macho. Bluu ya sebuleni haipunguzi joto la chumba. Hutuliza moyo tu, na ikiwa hafifu hukifanya chumba kionekane kipana. Joto lenyewe hushuka kutoka juu. Mabati yasiyo na dari, yaliyoshika kutu au kupakwa maruni, hulinyonya jua mchana kutwa na kulimwaga kitandani, ilhali mabati meupe hulirudisha angani sehemu kubwa. Mkazi wa Voi mwenye fedha za kazi moja tu aanze na paa, sebule isubiri.

Vitabu vingi vya mapambo vimeandikwa Ulaya na Marekani. Vinasema chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, kipakwe njano. Kwao ni kweli, maana jua lao hukaa upande wa kusini. Lakini mji wa Voi na kijiji cha Mraru viko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Hapa jua hupita utosini mwezi Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Anayefuata vitabu hivyo neno kwa neno atapaka njano mahali pasipoihitaji. Chumba cha kuogopa kwetu ni cha magharibi: ukuta wake hupigwa na jua tangu alasiri, kisha huendelea kutoa joto watu wakiwa wamelala. Hicho kipe kijani hafifu ndani, na nje ukuta uwe mweupe au krimu.

Wundanyi ni habari nyingine. Voi iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, Wundanyi zaidi ya 1,300, na Julai ukungu hushinda mlangoni. Huko njano haina mpinzani.

Kuna adui mwingine ambaye vitabu havimjui: udongo mwekundu, ule ule unaowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Mvua ya kwanza tu huurusha ukutani. Mafundi wetu wana dawa yake ya siku nyingi, nayo ni kupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ya hudhurungi. Sioni sababu ya kuwabishia.

Miaka ya 1970 akina mama wa Mraru walijinunulia basi ili kufika Voi kwa urahisi. Lakini hata kwa basi, safari ya kurudisha dukani rangi uliyoichagua chini ya taa za duka ingali inachosha. Nunua mkebe mdogo kwanza, paka kipande cha ukuta, ukitazame asubuhi, adhuhuri na jioni.

Juma lijalo: rangi ya maji na rangi ya mafuta.