Mtoto Anapoharisha, Maji Yanatoka Wapi?

Ni saa nane za usiku. Mtoto ameharisha mara tano tangu jioni, na choo chake sasa ni maji matupu. Mama anachukua kikombe amnyweshe, lakini shangazi aliyekuja kuwatembelea anamzuia: “Mwanangu, usimpe maji. Huoni kila anachokunywa kinatoka?” Mama anakiweka kikombe chini.

Mama mpendwa, shangazi anasema hivyo kwa upendo. Lakini kukiweka kikombe chini ni hatari kuliko kuhara kwenyewe. Hebu tuone yanayotendeka tumboni.

Utumbo mwembamba umetandikwa kwa ndani safu moja tu ya seli. Seli hizo hupitisha chakula na maji kuingia katika damu. Maji nayo hufuata chumvi. Chumvi ikivutwa kuingia mwilini, maji huingia nayo. Ikimwagwa utumboni, maji hutoka nayo.

Mojawapo ya vitu vinavyotoa amri ni kalsiamu, madini yale yale yajengayo mifupa na meno. Seli ikiwa imetulia, kalsiamu iliyo nje yake huzidi ile ya ndani mara 10,000 hivi. Ile ya ndani ikipanda ghafla, huwa kama kengele ya hatari. Seli huanza kumwaga kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi, na maji huifuata.

Virusi vya rota, adui mkubwa wa watoto wachanga, huipiga kengele hiyo. Mwaka 1996 wataalamu wa Houston, Marekani, walionyesha kwamba protini moja tu ya virusi hivyo yatosha kuwaharisha panya wachanga. Mwaka 2020 ikaonekana mjini humo kwamba seli iliyoambukizwa hutoa kemikali inayoziamsha hata seli jirani zilizo nzima, na kalsiamu hupanda ndani yake kama wimbi. Ni kama mtu mmoja apigaye yowe, na kijiji kizima kikatoka mbio.

Basi maji mengi yale hutoka mwilini mwa mtoto mwenyewe. Ukimnyima kinywaji hutazuia kuhara, unamkausha tu.

Lakini upo mlango mwingine. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba glukosi na chumvi huingia katika seli kwa pamoja, zimeshikana mikono. Hata katika kipindupindu mlango huo haufungwi. Ndiyo maana dawa ya ORS ina sukari: si ya utamu, ni ya kuivuta chumvi, na chumvi huvuta maji.

Mwaka 1971 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India. Dripu zilipokaribia kwisha, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye glukosi na chumvi. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4.

Nyumbani fanya hivi:

• Koroga pakiti ya ORS katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe: chumvi nyingi ni hatari, na sukari nyingi huongeza kuhara.

• Baada ya kila choo, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea.

• Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

• Uliza kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki, na chanjo ya rota kwa watoto wachanga.

• Mkimbize hospitali akiwa mlegevu, macho yamezama, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au choo kina damu.

Shangazi akisema tena, usibishane naye. Mpe kijiko akusaidie kumnywesha mjukuu wake.