Mafua Yamepita, Homa Inarudi

Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania alipatikana hapa Arusha. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alisema ni mwanamke aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Shule zikafungwa, watoto wa mtaani kwetu Sekei wakashinda nyumbani, na wazazi tukajifariji kwamba ugonjwa huu ni wa wazee. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.

Lakini katikati ya Aprili, madaktari wa London wakaanza kupokea watoto wenye homa isiyoshuka, macho mekundu, tumbo linalouma na presha inayoporomoka. Wengi hawakuwa hata na kikohozi. Miezi michache baadaye Cape Town nao wakaripoti watoto 23. Damu zao zilionyesha kwamba korona ilishawapitia, wengine bila kujua. Kinga ya mwili ilikuwa imecharuka kama mbwa aliyemfukuza mwizi kisha akarudi kuwauma watoto wa mwenye nyumba: moyo, utumbo, ngozi na mishipa ya damu vyote vikavimba.

Hali hii hutokea wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi, na hapo ndipo penye mtego. Nani anakumbuka mafua ya mwezi uliopita? Mitaani kwetu homa ya mtoto ina majina matatu tu: malaria, taifodi na UTI. Ajabu ni kwamba Arusha, kwa baridi yake ya mlimani, ina malaria kidogo mno. Tafiti za kitaifa zimewahi kukuta chini ya asilimia 1 ya watoto wakiwa nayo. Hata hivyo dozi zinaendelea kumezwa.

Vitabu husema tafuta vipele vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo hujificha. Mwuguzi makini huvuta kope ya chini, hutazama midomo iliyokauka na ulimi ulioiva, kisha hubonyeza ncha ya kidole cha mtoto na kuachia. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili au tatu, damu haizunguki vizuri, na huyo si mtoto wa kurudishwa nyumbani na panadol. Homa ya siku tatu pamoja na kutapika au kuharisha, mtoto akiwa amelegea, ni safari ya Mount Meru, hospitali ambayo kutoka Sekei haiko mbali.

Tiba ipo, tena si yote ya kitajiri. Dripu ya kingamwili zinazotokana na damu za wachangiaji ni ghali sana, lakini utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha watoto 614 kutoka nchi 32 haukuona tofauti ya wazi kati ya dripu hiyo na dawa za steroidi, ambazo bei yake ni nafuu. Ziandikwe na daktari, lakini. Steroidi za kujinunulia dukani zinaweza kuficha ugonjwa mwingine.

Wengi hupona, na tangu kirusi cha omikroni kitawale visa vimepungua sana duniani. Kinachobaki ni moyo. Mishipa inayoulisha inaweza kutanuka, kwa hiyo mtoto aliyeruhusiwa bado anahitaji kurudi kupimwa moyo kwa picha ya mawimbi ya sauti, hata kama ameshaanza kukimbiza mpira.