UTABIRI WA HALI YA HEWA KATIKA MSIMU WA VULI: MAANA YAKE KWA NCHI KAVU, ANGA NA BAHARI

Msimu wa vuli, unaoanza mwezi wa Oktoba na kumalizika Disemba, ni wakati ambao taarifa za hali ya hewa huwa na kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa na walio wengi katika visiwa vya Unguja na Pemba. Katika miezi hiyo mkulima hutayarisha shamba lake, mwenye karafuu huzianika juani, mvuvi huitafuta bahari tulivu ya tanga mbili, na abiria huvuka kwa boti na kwa ndege ndogo baina ya visiwa na Bara. Wote husikiliza taarifa moja ya redio, lakini kila mmoja ana neno lake la kulitafuta humo. Maelezo haya yamekusudiwa kuwasaidia watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla kulitambua neno hilo na kulipa uzito unaostahiki.

CHANZO CHA TAARIFA

Utabiri wa hali ya hewa ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, chombo kilichoanza kikiwa Wakala mwaka 1999 na kupewa hadhi ya Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Kazi yenyewe huanzia katika vituo vya upimaji. Joto hupimwa kivulini, ndani ya kibanda cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa. Upepo hupimwa mita 10 juu ya ardhi. Na mvua hukusanywa katika chombo maalumu na kuhesabiwa kwa milimita. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba.

Vituo vya dunia nzima hupima kwa saa moja ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mvua ya siku husomwa saa 3 asubuhi kwa saa zetu, na hesabu yake ni ya saa 24 zilizotangulia. Kwa hivyo mvua iliyoanguka alfajiri ya leo huingia katika hesabu moja na ile ya jana mchana, jambo ambalo mara nyingi huwafanya wananchi wadhani kuwa takwimu zimekosewa.

KWA NINI VULI HUTOFAUTIANA

Kuanzia mwishoni mwa Septemba jua la utosini huvuka Ikweta kuelekea kusini, na ukanda wa mvua hulifuata nyuma. Upepo wa kusi hulegea, na kaskazi huwa bado haijakamata. Katika kipindi hicho cha maleleji upepo huwa mwepesi na wenye kugeuka, hewa hubeba unyevu mwingi, na mawingu ya mvua hujijenga kwa haraka.

Wingi wa mvua za vuli hutegemea zaidi hali ya Bahari ya Hindi. Maji ya upande wa Afrika yanapokuwa ya moto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakawa ya baridi kuliko kawaida, mvua huongezeka katika ukanda wetu. Hali ikigeuka, vuli hudhoofika. Mwaka 1997, mwaka 2019 na tena mwaka 2023 bahari ilikuwa katika sura ile ya kwanza, na mvua kubwa zikalikumba eneo kubwa la Afrika Mashariki. Kwa kuwa joto la bahari hubadilika polepole, vuli ni rahisi kutabirika miezi kadhaa kabla kuliko masika. Hata hivyo, utabiri wa msimu hutoa uwezekano tu, na hautaji siku.

Neno "wastani" katika utabiri huo lina kipimo chake. Mvua ya wastani ni ile iliyo baina ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. Iliyo pungufu ya hapo ni ya chini ya wastani, na iliyozidi ni ya juu ya wastani. Msimu unaweza kuhesabiwa kuwa juu ya wastani kwa mafuriko ya siku tatu tu, huku wiki nzima zikipita kavu na mahindi yakinyauka. Mkulima hana budi kuutumia utabiri wa msimu katika kuchagua mbegu, na ule wa siku 10 na wa kila siku katika kuamua lini apande.

NCHI KAVU

Taarifa inaposema mvua zitanyesha "katika maeneo machache", maana yake si kwamba mvua itakuwa ndogo. Wingu moja la vuli huweza kufunika vijiji viwili vitatu na kumwaga mvua nyingi humo, ilhali jirani anabaki na vumbi. Katika Unguja, upande wa magharibi na wa kati hupata mvua nyingi kuliko upande wa mashariki wenye ardhi ya mawe, na kisiwa cha Pemba kwa kawaida hupata zaidi ya Unguja. Mwananchi wa mashariki ambaye hakunyeshewa hana sababu ya kusema kuwa utabiri ulikuwa wa uongo.

Hasara ya kutosikiliza huonekana upesi katika zao la karafuu. Karafuu mbichi huhitaji siku kadhaa za jua kamili ili zikauke, na zikinyeshewa juani hupoteza rangi na kushuka daraja. Mwenye kuisikiliza taarifa ya jioni huweza kuahirisha kuchuma, au kuandaa mahali pa kuzihifadhi kabla wingu halijafika.

USAFIRI WA ANGA

Rubani huhitaji habari tofauti na za mkulima. Taarifa ya kiwanja hutolewa kila saa au kila nusu saa, nayo hueleza upepo, umbali wa kuona, kiasi cha mawingu na urefu wa kitako chake kwa futi, joto na mgandamizo wa hewa. Mawingu hukadiriwa kwa kuigawa mbingu sehemu nane. Mgandamizo nao una umuhimu wa pekee, kwa kuwa kipimo cha urefu ndani ya ndege hufanya kazi kwa hewa hiyo: tofauti ya hektopaskali moja karibu na usawa wa bahari ni sawa na takriban futi 27. Katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, ukifikia kilele karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, hata siku isiyo na wingu.

Njia ya kurukia ndege ya Kiwanja cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume imelazwa kaskazini na kusini, hivyo hulingana vyema na kusi na kaskazi. Wakati wa maleleji upepo hugeuka, na hatari kubwa hutokana na mawingu marefu ya ngurumo. Chini ya wingu la namna hiyo hewa huweza kushuka kwa nguvu na kuubadilisha upepo ghafla katika sekunde chache, wakati ndege iko karibu kugusa ardhi. Rubani anayesubiri nusu saa ili wingu lipite anatekeleza wajibu wake. Abiria wanaombwa kumpa nafasi ya kuutekeleza, na watumishi wanaosafiri kikazi wapange mikutano yao kwa kuzingatia hilo.

BAHARI NA MWAMBAO

Urefu wa mawimbi unaotajwa katika taarifa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, na wala si wimbi kubwa kuliko yote. Panapotangazwa mita 2, nahodha ategemee kukutana na wimbi moja moja linalokaribia mita 4. Aidha, mkondo wa bahari katika mwambao wetu huelekea kaskazini kwa mwaka mzima. Kaskazi inapoanza mwishoni mwa vuli huvuma kinyume cha mkondo huo, na mawimbi husimama na kukaribiana. Ngalawa na mashua ndogo hulemewa na bahari ya namna hiyo hata kama upepo wenyewe si mkali sana.

Mvuvi aangalie pia mbalamwezi. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na upepo wa kutoka baharini ukikutana na maji makuu, ufukwe wa chini huingiliwa na maji.

Tufani ni nadra kufika visiwani, kwa kuwa tupo karibu na Ikweta, lakini si jambo lisilowezekana. Tufani ya Aprili 1872 iliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na watu wa zama hizo hawakuwa na onyo lolote. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, njia yake ilifuatwa siku kadhaa kabla, na usafiri wa boti baina ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasitishwa mapema.

NGAZI ZA ONYO NA WAJIBU WA KILA MMOJA

Onyo hutolewa kwa ngazi tatu: angalizo, ambalo rangi yake ni njano, tahadhari, ambayo ni ya chungwa, na tahadhari kubwa, ambayo ni nyekundu. Angalizo humtaka mtu awe macho, tahadhari humtaka ajitayarishe, na tahadhari kubwa humtaka achukue hatua mara moja.

Visiwa hivi havijasahau tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe siku ya upepo mkali na bahari iliyochafuka, na watu wengi wakapoteza maisha. Kwa hivyo nahodha anapokataa kung'oa nanga asishurutishwe na wenye mali wala asizomewe na abiria. Masheha nao wanahimizwa kuzifikisha taarifa madikoni na mashambani siku ile ile zinapotolewa, kwa sababu mvuvi hutoka usiku, na onyo linalomfikia asubuhi humkuta amekwisha kuwa baharini.